Shajara ya mradi: shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi kwa masomo ya jioni, Dodoma 2023–2025

Shajara hii ni ya wenzangu wanaofanya kazi mchana na kufikiria kusoma jioni. Mimi ni mkadiriaji majenzi katika kampuni ya ukandarasi hapa Dodoma, na naongeza maandishi kila hatua inapokamilika. Masomo ya darasani nitayapita haraka kwa sababu ratiba yake chuo ndicho kinachokupangia. Tasnifu ndiko watu wanakokwama kwa mwaka, miaka miwili, wengine wasirudi tena, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa.

Oktoba 2023: Kuchagua njia na kujisajili

Kabla ya kulipa nilipima mambo mawili: cheti cha PMP, cha usimamizi wa miradi, au shahada. PMP hutolewa na taasisi ya PMI ya Marekani. Mwenye shahada ya kwanza anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36 na amepata saa 35 za mafunzo, kisha afanye mtihani, ambao mwaka 2023 ulikuwa wa maswali 180 kwa dakika 230. Anayetaka kuajiriwa haraka na mashirika ya kimataifa, cheti hicho kinamtosha na kinamalizika mapema. Mimi nilikuwa na swali lililonisumbua kwa miaka: kwa nini majengo madogo ya umma, ambayo ramani yake ni moja na fedha yake ipo, yanachelewa? Swali hilo linahitaji utafiti, nikachagua shahada. Saa za darasani hazipotei pia, maana masomo ya chuo kikuu yanakubalika kujazia zile 35 ukiamua kufanya PMP baadaye.

Ada ya kozi nzima ni Sh4.2 milioni kwa awamu nne. Ukienda kuulizia, usiishie kwenye ada. Uliza pia msimamizi mmoja wa tasnifu anabeba wanafunzi wangapi, na waliotangulia walimaliza baada ya muda gani. Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha gharama yako halisi, maana kila muhula unaoongezeka una ada yake.

Machi 2024: Muhula wa kwanza umekwisha

Kanuni za usimamizi, fedha za miradi, upangaji wa ratiba, mbinu za utafiti. Tumesoma toleo la sita na la saba la PMBOK, mwongozo wa PMI wa usimamizi wa miradi, kwa pamoja, na hapo wengi walichanganyikiwa. La sita, la mwaka 2017, limepangwa kwa michakato 49 katika maeneo 10 ya maarifa. La saba, la mwaka 2021, limeacha mpangilio huo na kuja na kanuni 12 na nyanja 8 za utendaji. Kilichonisaidia ni kulisoma la sita kama orodha ya kazi za kufanya na la saba kama vigezo vya kuamua. Ukijaribu kuoanisha sura kwa sura unapoteza wiki.

Somo lililonipa faida saiti siku ileile ni la kupima thamani ya kazi iliyofanyika, nami ningependa kila msimamizi wa ujenzi alijue. Chukua madarasa manne ya milioni 20 kila moja, jumla milioni 80, kwa wiki 12. Wiki ya 8 ratiba inasema kazi ya milioni 60 iwe imefanyika. Unapima kazi na kukuta ni nusu tu, yaani milioni 40, wakati fedha iliyotoka ni milioni 48. Gawanya 40 kwa 48, unapata 0.83: kila shilingi inayotoka inazaa kazi ya senti 83. Gawanya 40 kwa 60, unapata 0.67: mwendo ni theluthi mbili ya uliopangwa. Sasa gawanya 80 kwa 0.83, inakuja kama milioni 96. Hiyo ndiyo fedha ambayo madarasa yataikula mwendo usipobadilika, na umejua wiki ya 8 badala ya kungoja bati zikosekane wakati wa kupaua. Saiti nyingi zinalinganisha fedha iliyotumika na bajeti, basi. Kwa mfano huu wangesema "tumetumia milioni 48 kati ya 80, tuko vizuri", na hapo ndipo hasara hujificha.

Hesabu hii inaharibika pale "nusu ya kazi" inapokadiriwa kwa macho. Tulijaribu darasani kwa picha za jengo moja, kila kikundi kikatoa asilimia yake. Dawa ni kugawa fedha za BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake, kwa hatua zinazoonekana (msingi, jamvi, boma, lenta, kupaua, plasta, umaliziaji) na kuihesabu hatua pale inapokwisha tu.

Julai 2024: Muhula wa pili

Ununuzi na mikataba, vihatarishi, ufuatiliaji na tathmini. Mitihani imekwisha salama. Kazi za vikundi ziliyumba mwanzoni kwa sababu kila mtu aliandika kipande chake usiku wa mwisho, na maandiko hayakushikana. Tulirekebisha kwa kumpa mtu mmoja kazi ya kuunganisha tu, asiandike kitu, na vipande vyote vimfikie siku tatu kabla. Alama zilipanda na ugomvi ukaisha.

Hadi hapa, nje ya ada, gharama kubwa ni usafiri wa jioni, bando na kudurufu. Kama Sh60,000 kwa mwezi.

Septemba 2024: Mada imebadilika

Mada yangu ya kwanza ilihusu ucheleweshaji wa reli ya SGR. Wakati huo Dodoma nzima ilikuwa ikiizungumzia: jiwe la msingi la kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro liliwekwa Pugu Aprili 2017, treni za abiria zikaanza Juni 2024, na Agosti 1, 2024 Rais Samia akazindua huduma hadi Dodoma. Mada tamu, lakini haifanyiki kwa mwanafunzi wa jioni. Sababu za kweli za ucheleweshaji wa mradi wa namna ile zimo ndani ya barua za mkandarasi, madai ya nyongeza ya muda na mabadiliko ya mkataba. Nyaraka hizo ni siri za pande mbili. Bila hizo unabaki kurudia taarifa za magazeti.

Msimamizi wangu aliniuliza swali moja: "Nyaraka unazozihitaji ziko kabati la nani, na atakufungulia?" Liulize swali hilo kabla hujaandika kichwa cha mada.

Nikashuka hadi kwenye kitu ninachokijua na ambacho kabati lake linafunguka: madarasa ya sekondari yanayojengwa kwa force account. Kwa utaratibu huo shule haimpi mkandarasi kazi nzima. Fedha inaingia akaunti ya shule, kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zinaundwa, vifaa vinanunuliwa na shule, na fundi wa hapohapo analipwa ufundi tu. Njia hii ilibeba mzigo mkubwa mwaka 2021, pale sehemu ya mkopo wa IMF wa Sh1.3 trilioni wa kupambana na athari za UVIKO-19 ilipojenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kila la sekondari kwa milioni 20. Wananchi wengi wanaona jengo moja, milioni 20, miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo kuchelewa kwake kunapimika.

Andiko la kwanza lilirudishwa, na sababu yake itawafaa wengi. Nilikuwa nimetumia fomula ya Yamane kupata idadi ya watu wa kuhojiwa: jumla ya watu 180 gawanya kwa 1 jumlisha 180 mara 0.0025, inakuja 124. Karibu kila tasnifu ya maktabani ina fomula hiyo. Tatizo ni kwamba swali langu linahusu ujenzi unaochelewa, na ujenzi ni wa shule. Ukihoji watu watano wa shule moja, hujapata mifano mitano ya kuchelewa, umepata mmoja uliosimuliwa mara tano. Hesabu za baadaye zote zinadhani majibu 124 hayategemeani, kumbe ni ya shule 25 tu.

Tulirekebisha hivi: kinachohesabiwa ni mradi wa ujenzi wa shule moja. Watu wanahojiwa kuueleza mradi huo, na juu ya maelezo yao zinakusanywa tarehe kutoka nyaraka. Andiko likapita.

Novemba 2024: Kukwama

Mwezi huu haukuzaa data hata kidogo.

Mlolongo wa kibali unakwenda hivi: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, barua yake kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kutoka hapo kwa Afisa Elimu Sekondari, halafu kwa mkuu wa shule. Kila meza ina siku zake, na hakuna meza inayoweza kuanza kabla ya iliyotangulia. Kwenye ratiba yangu nilikuwa nimeweka kibali kama mstari mmoja wa wiki mbili. Kilipaswa kuwa mistari minne.

Kikubwa zaidi, kibali kilifika mikononi Novemba. Tarehe 27 ulikuwa Uchaguzi wa Serikali za Mitaa, na ofisi ya mkurugenzi pamoja na watendaji wa kata na vijiji ndio wanaoubeba. Mwezi huohuo kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, na mkuu wa shule hana ruhusa wala nafsi ya kukaa na mtafiti. Niliwafuata wachache hata hivyo. Walinipokea kwa heshima na kuniambia, "Dada, rudi mwaka mpya." Nauli ikaenda.

Nimechora upya ratiba ya tasnifu kama mtandao wa kazi, ule tuliojifunza darasani, wenye asili yake miaka ya 1950: kampuni ya DuPont upande mmoja, na mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani upande wa pili. Nilipoweka kazi zote na utegemezi wake, kuandika sura hakukuwa kwenye mlolongo unaoamua tarehe ya kumaliza. Vilivyokuwepo ni vitu vitatu: kibali, nafasi ya wahojiwa, na muda wa msimamizi kusoma. Vyote vitatu ni muda wa watu wengine. Ningeandika usiku na mchana, tarehe ya mwisho isingesogea.

Kwa anayefuata: chukua kalenda ya mwaka ya watu utakaowahoji kabla hujapanga yako. Kwa shule za sekondari, Oktoba na Novemba ni mitihani, Desemba ni likizo na kukimbizana na umaliziaji wa madarasa, Januari ni kupokea kidato cha kwanza. Februari na Machi panafanyika. Omba kibali kikionyesha kipindi kirefu, maana kikiisha muda unaanza upya meza ya kwanza.

Januari 2025: Jaribio la dodoso

Nikautumia muda wa kungoja kulijaribu dodoso kwenye shule ambazo hazimo katika utafiti. Mambo mawili yalishindikana.

Dodoso lilikuwa la Kiingereza, kwa kuwa tasnifu ni ya Kiingereza. Wajumbe wa kamati za ujenzi, wengi wakulima na mafundi, walizungushia 3 kila swali, ile ya katikati. Karatasi zilijaa bila kusema kitu. Nikaliandika upya kwa Kiswahili cha saiti: badala ya swali la jumla kuhusu "upatikanaji wa rasilimali", nikauliza, "Kazi iliwahi kusimama kwa kukosa saruji, mchanga, maji au nondo? Kipi, na kwa muda gani?" Majibu yakafunguka, na mengine yakawa hadithi ndefu zenye faida kuliko namba.

La pili ni Cronbach alpha, kipimo cha kama maswali ya jambo moja yanajibiwa kwa mwelekeo mmoja, ambacho desturi hutaka kifike 0.7. Changu kilikuwa chini sana. Kabla ya kufuta maswali, angalia kama lipo lililoulizwa kinyume. Nilikuwa na sentensi nane zinazosema mambo ni mabaya na mbili zinazosema ni mazuri, zote zimeingizwa kwa mizani ileile. Kwa mizani ya 1 hadi 5, swali la kinyume unatoa alama yake kwenye 6: aliyejibu 5 anakuwa 1. Baada ya hapo alpha ikapanda juu ya 0.7 bila kufuta chochote.

Data nimekusanya kwa KoboToolbox kwenye simu. Ni bure, inafanya kazi bila mtandao, inatuma ukifika penye mtandao. Lazimisha sehemu za tarehe zikubali tarehe tu, la sivyo utaletewa "mwezi wa saba mwishoni".

Machi 2025: Shuleni

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na makorongo yakijaa bodaboda haivuki. Shule za mbali nilizipanga asubuhi, na nikaacha siku za akiba kila wiki. Gharama ya hatua hii, usafiri, bando, kudurufu nyaraka na soda za wajumbe walioacha shamba kuja kunisikiliza, imefika Sh780,000. Nilikuwa nimepanga laki nne.

Ninachotaka kusisitiza ni jedwali la tarehe. Kwa kila shule nilitafuta: tarehe fedha ilipoingia benki, kikao cha kwanza cha kamati, mkataba wa fundi, mzigo wa kwanza kupokelewa, jamvi, lenta, kupaua, makabidhiano. Zinapatikana kwenye taarifa ya benki, muhtasari wa vikao, vocha, daftari la stoo na hati za kupokelea mzigo. Wakuu wa shule wengi wanazitunza vizuri kuliko watu wanavyowadhania, kwa sababu mkaguzi anakuja.

Na nyaraka zilisema tofauti na midomo. Ukiuliza sababu ya kuchelewa, jibu la kwanza karibu kila mahali ni "fedha ilichelewa". Watu hawasemi uongo. Fedha ilipofika ikiwa imechelewa, hilo ndilo linalobaki kichwani. Lakini kwenye jedwali, kwa shule nyingi nilizopitia, pengo refu lilikuwa baada ya fedha kuingia: kati ya siku ya benki na siku ya mzigo wa kwanza. Kamati haijaundwa, wajumbe hawajapewa maelekezo, mzabuni bado hajasajiliwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi ulioanza kuchukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Fundi yupo, kiwanja kipo, fedha ipo, na wiki zinakwenda. Ujenzi wenyewe, ukishaanza, unakimbia.

Nililiona hilo kwa uchungu, kwa kuwa kamati inaweza kuundwa na kufundishwa kabla ya fedha kuja, na hiyo haina gharama kubwa.

Juni 2025: Uchambuzi

Nilitaka kutumia regresheni, hesabu ya kuona kila kigezo kinavyohusiana na kuchelewa, yenye vigezo kumi, kwani tasnifu nyingi zinayo na inapendeza. Msimamizi alikataa. Kanuni ya mkono inasema angalau miradi kumi kwa kila kigezo, na mimi nina shule 25. Programu ya SPSS haitakukatalia, itakupa majibu na nyota za umuhimu, nayo hayatakuwa na maana. Nikaacha.

Badala yake: maoni nimeyapanga kwa fahirisi ya umuhimu. Ukiwa na wajibuji 30 na mizani ya 5, jumla ya alama za sababu moja ikiwa 117, unagawa 117 kwa 150, unapata 0.78, kisha unapanga sababu kutoka kubwa hadi ndogo. Siku za kila hatua nimezipanga kutoka chache hadi nyingi na kuchukua ya katikati, kwa kuwa shule moja iliyosimama muda mrefu ingeuvuta wastani wa kawaida. Kisha nimeyaweka matokeo mawili ubavuni, maoni na tarehe, na sura ya nne imejengwa juu ya tofauti yake.

Kuhusu msimamizi: nilikuwa natuma sura nzima na kungoja. Sasa natuma kurasa chache pamoja na ukurasa mmoja unaoonyesha kila maoni yake ya awali na nilichofanya. Majibu yanarudi ndani ya wiki, hapo awali ilikuwa zaidi ya mwezi.

Agosti 2025: Turnitin na utetezi

Ripoti ya kwanza ya Turnitin, mfumo unaopima maandishi yanayofanana na ya wengine, ilizidi kiwango cha chuo. Karibu zote zilitoka sura ya tatu, kwenye fasili za mbinu zinazofanana tasnifu zote. Kubadilisha neno mojamoja hakusaidii, mfumo unatambua. Nilifuta fasili na kueleza nilichofanya mimi, shuleni, kwa nyaraka zipi. Sura ikapungua karibu nusu na ikawa bora.

Kwenye utetezi watahini waliniuliza sana juu ya tarehe: nitajuaje kwamba hazikuandikwa baadaye ili mkaguzi aridhike? Jibu lilikuwa tayari, kwa kuwa kila tarehe nilitaka ionekane kwenye nyaraka mbili zilizoandikwa na watu tofauti, mfano hati ya dereva wa mzigo na daftari la stoo. Zilipopishana niliandika zote mbili na kusema. Nimepita kwa marekebisho madogo.

Septemba 2025: Kukabidhi

Marekebisho yamekubaliwa, nakala zimejalidiwa na kukabidhiwa, Sh150,000 pamoja na uchapaji wa rangi wa majedwali. Ukijumlisha ada, usafiri, shuleni na muhula mmoja wa nyongeza uliosababishwa na Novemba ile, nimetumia karibu Sh7 milioni. Aliyepanga vibali mapema ataokoa ule muhula.

Nakala moja ya muhtasari, kurasa tatu za Kiswahili, nimepeleka kwa kila mkuu wa shule aliyenifungulia kabati. Wawili wameshaniomba jedwali la tarehe walitumie kwenye ujenzi wa maabara.

Anayetaka kulinakili: mstari mmoja kwa kila hatua, safu tano. Hatua, tarehe iliyopangwa, tarehe halisi, waraka wa kwanza wenye tarehe hiyo, waraka wa pili. Lijazwe siku ileile na karani au mtunza stoo, na mstari wa kwanza uwe kuundwa kwa kamati, juu ya mstari wa fedha kuingia benki.